Mtoto anaimba alfabeti yote, lakini jina lake hajui kulisoma

Wandugu wasomi, leo sitaongea juu ya kahawa wala juu ya mnyauko wa migomba. Naomba ruhusa niingie kidogo mu shamba la watu wa pedagogia. Wale wenye walisoma ile fakilte mutanivumilia. Mambo ya watoto kujua kusoma haiko ya walimu peke yao. Wengi kati yetu, tukisha kupata lisansi na kukosa kazi, tunaishi kwa kufundisha watoto wa watu mangaribi ili tupate franka ya nyumba. Wengine tayari ni wazazi. Kwa hiyo hii kesi inatuhusu wote.

Kuna neno moja limekuwa tamu sana mu midomo siku hizi: "kufundisha kwa mchezo". Utalisikia mu mafunzo ya walimu, mu ripoti za projekiti, na hata mu mabango ya masomo ya prive yenye yanatafuta watoto. Mimi sipingi hilo neno. Mtoto mwenye anacheza anajifunza, hata mbuzi inajua hivyo. Kitu nataka kukosoa ni hii: mara mingi mchezo iko, furaha iko, makofi iko, lakini kusoma hakuna.

Tuanze na hali. Benki ya Dunia inakadiria kwamba mu Kongo watoto 97 kwa 100 wenye miaka 10 hawawezi kusoma hadithi fupi na kuielewa. Mutu anaweza kubishana juu ya namna ya kupima, lakini hata ukitoa nusu ya hiyo hesabu, bado ni msiba. Na huku kwetu iko mambo ingine juu yake. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya Beni yamefanya watoto wakimbie kijiji kwa kijiji, kila mara wanaanza kalasi upya mahali wageni. Kisha Ebola ilikuja, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na mu katikati yake Covid ilifunga masomo yote ya nchi mu Machi 2020. Tena mu Septemba 2019 Leta ilianza masomo ya bure ya kalasi za msingi. Ni haki, Katiba yenyewe mu artikle ya 43 inasema hivyo. Lakini watoto waliongezeka ku benchi kuliko walimu na vyumba. Mwalimu mwenye alikuwa na watoto 45 akajikuta na 80 ao 90.

Mu kalasi ya namna hiyo, mchezo unakuwa dawa ya kwanza yenye mwalimu anafikia. Na hapa njo kosa linaingia.

Mchezo wa kwanza: korasi. Mwalimu anaandika ku tablo "ba be bi bo bu", anapiga kwa fimbo, watoto wote wanaitika kwa sauti moja. Ukipita ku barabara utasema: ona, hii kalasi inasoma! Lakini ingia ndani uangalie macho ya watoto. Nusu haiangalii tablo. Wanaangalia dirisha, wanaangalia mwenzao, na mudomo inaimba tu. Funika tablo, bado wataimba. Geuza mpangilio, andika "bo bi bu", bado wengine wataimba "ba be bi". Wameshika wimbo, hawakushika herufi. Korasi haiko mbaya yenyewe: inampa mtoto mwenye haya nafasi ya kufungua kinywa, na wimbo unasaidia sikio kutenganisha sauti. Lakini korasi inaficha. Mtoto mwenye hajui anaweza kujificha nyuma ya sauti ya wenzake miaka sita nzima, akafika ku egzame ya mwisho wa kalasi za msingi bila mutu kumgundua.

Mchezo wa pili: mashindano. Tunapenda sana Génies en herbe, na mimi nilizipenda. Watoto wanne mbele, saa inahesabu, ukumbi unapiga kelele. Lakini jiulize: mu kalasi ya watoto 80, ni nani anapanda pale? Ni wale wanne wenye tayari wanajua. Wale 76 wengine kazi yao ni kupiga makofi. Masomo inapata sifa, direkta anapata picha, wazazi wa wale wanne wanapata furaha, na mtoto mwenye alikuwa anahitaji mazoezi siku hiyo hakusoma hata neno moja. Tunamwagilia mti wenye tayari uko na matunda, tunaacha miche inakauka.

Mchezo wa tatu ni wa kuleta kutoka mbali: katuni na programu za simu. Ubongo, watu wa Dar es Salaam, wanatengeneza Akili and Me kwa watoto wadogo wa miaka 3 mpaka 6: mtoto wa kike mwenye anaishi chini ya Kilimanjaro na kuota safari pamoja na wanyama marafiki. Ni kazi nzuri, ya Waafrika, na iko mu Kiswahili. Tena haikubaki maneno tu. Watafiti waliipima Morogoro na kukuta kwamba watoto wenye waliitazama waliendelea mbele mu kuchora, mu kutambua maumbo na namba, na mu kuhesabu. Lakini tusichanganye vitu. Hayo yote ni mlango wa kusoma, haiko kusoma kwenyewe. Kioo cha simu hakioni kama mtoto ameshika ao hakushika, kinaendelea tu. Na mu nyumba yenye simu iko moja, ya baba, na baba iko ku shamba ao ku moto, hiyo katuni itatazamwa na nani?

Sasa nifike ku mambo yenye inaniuma zaidi: lugha.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inasema Kifaransa ni lugha ya kufundisha, lakini inasema pia kwamba lugha za taifa ao lugha za mazingira zinatumika kufundishia na kama somo. Kiswahili ni moja kati ya zile lugha nne za taifa, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Ku karatasi mlango uko wazi. Ku kalasi, masomo mingi ya Butembo na Beni, zaidi za prive, zinashindana nani ataanza Kifaransa mapema zaidi, juu mzazi njo anataka hivyo. Mzazi anasema: "Kiswahili mutoto wangu anajua tayari ku nyumba, mimi nalipa ajue Kifaransa."

Ninamuheshimu huyo mzazi. Anajua kwamba egzame ya Leta inakuja mu Kifaransa, na kazi inaombwa mu Kifaransa. Lakini hesabu yake inakosa kitu kimoja. Kusoma kunajifunzwa mara moja tu. Mtoto akisha kuelewa kwamba alama ku karatasi ni sauti, na sauti zikiungana zinakuwa neno lenye anajua, ile siri haitamtoka tena. Ataibeba mpaka mu Kifaransa, mu Kiingereza, mu lugha yoyote yenye inaandikwa kwa herufi hizo. Swali ni: siri hiyo ni rahisi kufunguliwa mu lugha gani?

Chukua herufi tano: m, t, a, o, u. Mu Kiswahili, na hizo tano tu, mtoto anasoma mama, moto, tamu, tatu, maua, mtu, mto, mtoto. Maneno nane, yote anayajua, yote anaweza kuyaona ku mazingira yake. Tena ukitaka kuandika kama tunavyosema huku, mutu na mutoto, herufi ni zile zile, hakuna hata moja ya kuongeza. Kila herufi inasema sauti yake na haibadiliki. Sasa enda mu Kifaransa: sauti moja ya "o" utaiandika o, ao au, ao eau, na mtoto wa miaka 6 mwenye hajawahi kuongea Kifaransa ku nyumba anapaswa kukariri yote, kwa maneno yenye hajui maana yake. Ni kama kumpa mkulima mbegu asiyoijua, ku udongo asioujua, mu msimu asioujua, kisha tunasema ni mvivu.

Lakini Kiswahili gani? Hapa tukosoe pia wale wenye wanatuletea vitabu. Mu hadithi za Tanzania mtoto anaenda shule na anakula kisamvu. Mtoto wa Butembo anaenda ku masomo na anakula sombe. Atasoma "kisamvu" herufi kwa herufi bila kukosea, kisha ukimuuliza ni nini, atakuangalia tu. Haiko mambo ya kucheka. Wakati wa Ebola tuliona bei yake: Translators without Borders walifanya utafiti Beni na Goma mu 2019, na wakaandika kwamba habari mingi zilikuwa zinatolewa mu Kifaransa na mu Kiswahili cha vitabu, na watu walikuwa wanataka maelezo mu Kiswahili chao na mu Kinande. Kama mutu mkubwa anaweza kukosa kuelewa neno la kuokoa maisha yake, mtoto wa kalasi ya kwanza atafanya nini?

Sisemi tutupe Kiswahili sanifu. Mtoto lazima afike kule, juu vitabu na soko la Afrika ya Mashariki ziko kule. Nasema aanzie hapa. Avuke daraja kutoka ngambo yenye iko amesimama. Na kwa vijiji kama Masereka, Kyondo ao Luofu, ambako mtoto anaamka na Kinande na kulala na Kinande, hata Kiswahili chetu ni lugha ya pili. Vuka tu Kasindi uone: tangu 2007 Uganda inafundisha miaka mitatu ya kwanza mu lugha ya eneo, na Kasese kuna vitabu vya kusomea vya Lhukonzo, lugha yenye Munande yeyote anaisikia bila mkalimani. Ndugu zetu wa ngambo ingine ya mlima wanasoma mu lugha ya nyanya yao, na sisi tunasema haiwezekani. Ku Oicha, penye Wanande, Wambuba, Walese na Wambuti wanakaa benchi moja, Kiswahili njo kinabaki jibu la haki. Kila mahali ina jibu lake. Lakini jibu haliwezi kuwa paka Kifaransa tu, juu tunaona haya.

Sasa niwaombe muniruhusu kuongea kama mwagronomi. Mbele ya kupanda muhindi, tunapima mbegu. Unachukua mbegu 100, unazifunika mu kitambaa chenye maji, kisha ya juma moja unahesabu zenye zimeota. Kama ni 60, unajua mbegu ni mbaya, unabadilisha ao unaongeza. Hakuna mwagronomi mwenye akili mwenye ataandika mu ripoti: "tuligawa kilo 500 za mbegu, msimu umefanikiwa." Watamucheka. Lakini mu mambo ya watoto kusoma, ripoti mingi ziko hivyo hivyo: tuligawa vitabu kadhaa, tulifundisha walimu kadhaa, watoto kadhaa walishiriki michezo. Hesabu ya mbegu yenye ilitoka mu depo. Na zenye ziliota je?

Kipimo iko, na haiko ghali. Watu wa Uwezo, mu Kenya, Tanzania na Uganda, walizunguka nyumba kwa nyumba na karatasi moja: herufi ao silabi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha kalasi ya pili. Mtoto anasoma peke yake mbele yako, dakika chache tu, unajua amefika wapi. Walikuta watoto wengi wa kalasi za juu hawawezi kusoma hadithi ya kalasi ya pili, na ile habari iliamsha serikali na wazazi, juu kila mzazi aliweza kuelewa kile kipimo. Na ku India, Pratham, shirika lenye lilianza Mumbai mu 1995, wamejenga mbinu yao yote juu ya kipimo cha namna hiyo: wanachukua watoto wa kalasi ya tatu mpaka ya tano, wanawapanga kufuatana na kile wanajua, haiko kufuatana na umri, na kwa saa moja ao mbili kila siku kila kikundi kinacheza michezo ya kiwango chake. Zambia imeichukua. Angalia vizuri: mchezo iko, lakini unakuja kisha ya kipimo, na kila mtoto iko na zamu ya kusoma.

Kwa hiyo mimi nikiona mchezo wowote wa kusoma, nauliza maswali tatu. Moja: je, macho ya mtoto iko ku herufi, ao mudomo peke yake njo inafanya kazi? Mbili: je, kila mtoto anafanya mwenyewe, ao wanne wanafanya na wengine wanatazama? Tatu: je, maneno ni ya maisha yake? Mchezo ukipita hizo tatu, hata kama ni wa karatasi ya karto, ni mzuri. Ukianguka, hata kama uliletwa na gari kubwa yenye bendera, ni burudani tu.

Michezo yenye inapita iko, na haiombi bajeti. Kata karto ya sabuni vipande, andika silabi, kila watoto watano wapate furushi yao. Ma, to, fa, li juu ya meza, nani ataniletea "tofali"? Sasa "matofali"? Sasa tengeneza neno lenye mimi sikulisema. Butembo yote inajengwa kwa matofali, mtoto ameyabeba ku kichwa, hilo neno liko la kwake. Ao mtoto akuambie hadithi yake mwenyewe, mistari mitatu tu, wewe uiandike vile vile ameisema, kisha aisome. Mtoto mwenye amekimbia vita hadithi anayo. Usimlazimishe ile ya uchungu, muombe ya mbuzi, ya mvua, ya mpira. Ao bustani: kila mtoto apande maharagi mbili mu kopo, aandike jina lake ku kopo, na kila siku aandike mu kaye tarehe na kitu ameona. "Leo imeota." Maneno mawili, lakini ni sentensi ya mwanasayansi.

Hii ya kuunganisha herufi na shamba haikuanza na mimi. Mu 1968 UNESCO na serikali ya Tanzania walianza projekiti ya kufundisha watu wakubwa kusoma mu sehemu za Mwanza na jirani zake. Vitabu vyao vilikuwa juu ya pamba, ndizi, uvuvi. Mkulima alikuwa anajifunza herufi na palepale anajifunza kutunza pamba yake. Mutu hasahau herufi yenye inamlisha. Na huku kwetu bado tunauza dawa za shamba zenye zinapita mpaka na karatasi ya Kiingereza ku chupa. Baba anaita mtoto wa kalasi ya tano amusomee kipimo. Mtoto anasoma ao anabahatisha, na baba anachanganya dawa na maji. Kama mtoto amebahatisha vibaya, ni jani la muhindi linaungua, ao ni macho ya baba. Hapo njo utaelewa kwamba kujua kusoma haiko mambo ya pointi ku buletini.

Najua mwalimu mwenye anasoma hii atasema: "Ndugu, kuja wewe mu kalasi ya watoto 90, bila kitabu, na mshahara yenye inachelewa." Iko na haki. Simulaumu yeye, na mshahara wake ni deni la Leta, haiko la kufunikwa na nyimbo. Lakini karto inapatikana ku kila butiki, na watoto wakubwa wenye wanajua kusoma wanaweza kuongoza vikundi vya wadogo. Na sisi wasomi wenye hatuna kazi, tuko wengi sana. Mu kila mtaa wa Butembo na Beni iko walisansie watano wanakaa mbele ya butiki mangaribi, simu mu mkono. Wenye wanafundisha "etide" wengi wao wanafanya paka kazi moja: kumsaidia mtoto anakili devuari. Mtoto anapata kumi ku kumi, mzazi analipa, na mtoto bado hajui kusoma. Hiyo ni korasi ya prive, yenye inalipiwa.

Pendekezo langu ni dogo. Mbele ya likizo kubwa kufika, kila moja wetu achukue watoto watano wa jirani, asiwaulize wako kalasi gani. Awape karatasi moja: silabi kumi, maneno kumi, mistari mitatu ya Kiswahili chetu. Aandike kila mtoto amefika wapi. Kisha juma sita za mchezo wa kweli, saa moja kwa siku, halafu apime tena kwa karatasi ya namna ile ile. Alete matokeo hapa, yenye yamepanda na yenye hayakupanda, tuyajadili bila kuoneana haya. Wale wa pedagogia watatukosoa kwenye tunakosea, na wale wa takwimu watatuhesabia.

Tusilete picha za watoto wanacheka. Tulete hesabu ya zenye zimeota.